Sheria ya Taarifa Binafsi Ifike Hadi Ofisi ya Kijiji

Sheria isiyomfikia mtu pale anapoandikishwa jina lake humlinda kwa maneno tu. Na hilo lilinidhihirikia mwezi Julai, nilipokwenda Songea kwa wiki moja ya mapumziko, katika baridi ya kipupwe, baada ya mwaka mzima wa kuwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu sheria za teknolojia.

Katika nyumba ya wageni niliyofikia, shikamoo na karibu vilitangulia, kisha nikasogezewa kwenye kaunta buku lililopigwa mistari kwa rula: jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya simu, namba ya kitambulisho. Daftari hilo hukaa wazi juu ya meza usiku na mchana, hata kila mgeni anayeinama kuandika yake huyasoma ya waliomtangulia, akajua ni nani amelala humo, ametoka wapi na kesho anaelekea wapi. Nilipomwuliza binti wa mapokezi kabila langu lina kazi gani hapo, alinijibu kwa adabu, "Baba, mimi nimelikuta hivyo hivyo, ukiacha wazi, wakaguzi wakija wananiuliza mimi." Sikuwa na la kumlaumu, kwani desturi hiyo hakuianzisha yeye, wala hakuna aliyepata kumwambia kwamba nchi ina sheria juu ya jambo hilo.

Na sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba humpa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Bunge likatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Na tarehe 3 Aprili 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume yenye dhamana ya kuisimamia. Kwa sheria hiyo, anayekusanya taarifa za mtu hana budi kumweleza sababu, asichukue kupita haja, azitunze kwa amana, wala asikae nazo baada ya haja kwisha. Na taarifa zinazodhihirisha kabila la mtu zimewekwa miongoni mwa zile nyeti, ambazo aghalabu hazifai kuchakatwa pasipo ridhaa yake ya maandishi. Mwenyewe naye amepewa haki ya kuziona, kusahihishiwa zilipokosewa, na kudai fidia akidhurika. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na wakili Tito Magoti, iliona baadhi ya vifungu vina utata, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Nayo ni dalili njema kwamba raia akiijua sheria huweza hata kuinyoosha.

Lakini ataijuaje? Karibu na soko kuu nilinunua karanga zilizofungwa katika karatasi, na nilipozimaliza nikaikunjua, nikakuta ni nakala ya kitambulisho cha Taifa iliyofifia kwa uhaba wa wino: sura ya mama mmoja, jina lake, tarehe ya kuzaliwa na namba yake yote. Yamkini alikwenda steshenari kutoa nakala, ya kwanza ikaharibika, akapewa ya pili akaondoka, naye mwenye mashine akaiona ile ya kwanza kuwa karatasi tu. Niliichana vipande vipande, ijapokuwa nilijua kwamba nyingine kama hiyo zingali zikizunguka sokoni.

Madhara ya kutojali taarifa za watu si ya kudhaniwa. Ni wangapi waliokopa kwa simu fedha za ada au za matibabu, programu ikayazoa majina yote yaliyomo katika simu, na siku ya malipo ilipopita, wakwe, majirani na mabosi wakatumiwa ujumbe wa kumfedhehesha mdaiwa! Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, ikaonya umma usijihusishe nayo. Hatua hiyo ilistahiki shukrani. Walakini aliyekwisha kuvunjiwa heshima mbele ya wakweze harudishiwi na tangazo.

Wapo wasemao kwamba faragha ni anasa ya watu wa mijini, na kwamba mkulima hana siri ya kuficha. Hao wameisahau sitara, ambayo kwetu ni ya tajiri na fukara sawasawa, na ndiyo maana hatuingii ua wa mtu bila hodi. Wameisahau pia historia ya Ungoni, huku Songea, ambako vijana wengi waliandikishwa kwenda mikongeni kama manamba, siku zao za kazi zikahesabiwa katika kadi iliyoitwa kipande, aliyoijaza mwingine, nao wakiwa hawana neno juu ya kilichoandikwa. Watu wa huku wameandikwa madaftarini kwa miaka mingi. Haki ya kumwuliza mwandishi ndiyo iliyo mpya.

Sipingi kuandikishwa. Mbolea ya ruzuku ya mpango ulioanza mwaka 2022 isingewafikia wakulima wa mahindi wa Ruvuma kwa insafu kama wasingesajiliwa majina, simu na ukubwa wa mashamba yao. Ninachokidai ni kwamba, kabla ya mvua za Novemba, kila ofisi ya kijiji na ya kata mkoani humu ibandike ukutani tangazo la Kiswahili chepesi lenye kueleza taarifa zipi zinachukuliwa, kwa sababu gani, nani atazitunza, zitakaa muda gani, na mwananchi alalamike wapi. Mtendaji apewe mafunzo na kabati lenye kufuli. Steshenari ziagizwe kuziharibu nakala mbovu. Nyumba za wageni zimpe kila mgeni karatasi yake, na safu ya kabila ifutwe. Hakuna katika hayo linalohitaji mtambo wala mkopo wa nje. Yote yamo katika uwezo wa halmashauri, Tume ikishirikiana nazo. Nazo zikianza msimu huu, mkulima wa Namtumbo au Mbinga ataujua ulinzi wake siku ile ile anapotaja namba yake ya simu, wala hatangoja mpaka adhurike ndipo asikie kwamba alikuwa na haki.