Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Wazee wetu wa baharini walituachia usemi usemao: usisafirie nyota ya mwenzio. Waliousema walikuwa mabingwa wa fani yao. Nahodha aliyeng'oa nanga kwa kaskazi au kwa kusi hakuwa na cha kumwonyesha njia usiku isipokuwa nyota, na mkulima alikitazama Kilimia apate kujua majira ya kulima. Elimu ya anga, basi, si ngeni katika visiwa hivi. Kilichobadilika ni kwamba leo nyingi ya nyota zinazowaongoza wanadamu zimetengenezwa na mikono ya wanadamu, na zina wenyewe.

Tunayasema haya kwa sababu katika miaka ya karibuni habari za roketi, setilaiti na darubini za anga za juu zimekuwa nyingi, na wapo miongoni mwetu wanaozipokea kwa kicheko. Husema kwamba hayo ni mambo ya mataifa makubwa, na kwamba sisi tuna shida ya maji, ya skuli na ya bei ya mwani. Hoja hiyo haifai kudharauliwa, kwani anayeitoa ana haki ya kudai maji. Lakini imekosea mahali pamoja: inadhani kwamba mambo ya angani yatatungoja mpaka tumalize shida zetu za ardhini. Hayatungoji, na tayari yamekwisha kutuingia nyumbani.

Na tuitazame kwanza hali ilivyo. Kwa miaka mingi roketi ilirushwa mara moja tu, na gharama yake ikapotea pamoja nayo. Desemba 21, 2015 kampuni ya SpaceX ya Marekani ilifaulu kuirejesha ardhini, ikiwa imesimama wima, sehemu ya chini ya roketi yake ya Falcon 9 iliyokuwa imepeleka setilaiti angani. Tangu hapo kazi hiyo imekuwa ya kawaida, na zipo sehemu zilizokwisha kuruka zaidi ya mara 30. Roketi kubwa kuliko zote, Starship, yenye urefu wa zaidi ya mita 120, ilianza kujaribiwa kwa ukamilifu Aprili 20, 2023. Baadhi ya majaribio yake yameishia katika mlipuko. Lakini Oktoba 13, 2024 sehemu yake ya chini ilirudi na kudakwa na mikono ya chuma ya mnara ule ule ulioirusha. Ulaya nayo ilirusha Ariane 6 kwa mara ya kwanza Julai 9, 2024. Maana ya yote hayo ni moja: nauli ya kwenda angani inashuka, na nauli ikishuka abiria huongezeka. Setilaiti zinazofanya kazi hivi sasa zimepita 10,000.

Darubini nazo zimepiga hatua. Ile iitwayo James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021 kutoka Kourou katika Guyana ya Ufaransa, ina kioo chenye upana wa mita 6.5, kilichoungwa kwa vipande 18 na kupakwa dhahabu, nayo hufanya kazi yake kilomita milioni 1.5 kutoka hapa duniani. Imetuletea mwanga wa nyota uliosafiri kwa zaidi ya miaka bilioni 13. Nyuma yake inafuata darubini iitwayo Nancy Grace Roman, ambayo mpango wake ni kurushwa ifikapo Mei 2027. Kioo chake ni sawa na kile cha darubini ya Hubble ya mwaka 1990, lakini picha yake moja itachukua eneo la anga lisilopungua mara 100 ya lile la Hubble.

Msomaji atauliza: mvuvi wa Kizimkazi au wa Makangale anapata nini katika haya? Jawabu lake limo katika historia yetu wenyewe. Aprili 15, 1872 tufani iliipiga Unguja bila ya mtu yeyote kupewa habari. Iliangusha sehemu kubwa kabisa ya mikarafuu, ikaviangamiza vyombo vilivyokuwa bandarini, na uchumi wa kisiwa ukabadilika tangu siku hiyo. Ndipo Pemba ilipochukua nafasi ya kwanza katika karafuu. Mei 2024 tufani nyingine, iliyopewa jina la Hidaya, ilikuja kuelekea pwani hii hii. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikwisha kutoa tahadhari siku kadhaa mbele, boti za abiria baina ya Unguja na Dar es Salaam zikasitisha safari, na tufani ilipofika Mafia Mei 4 watu walikuwa wanajua. Kati ya Aprili ile na Mei hii kuna tofauti ya jicho moja, nalo ni jicho la setilaiti.

Jicho hilo nalo linazidi kunolewa. Setilaiti ya kwanza ya kizazi cha tatu cha Meteosat, mali ya shirika la Ulaya la EUMETSAT, ilirushwa Desemba 13, 2022. Huupiga picha upande mzima wa dunia unaouelekea, Afrika ikiwamo, kila baada ya dakika 10, na inaweza kuona radi zinavyopiga usiku na mchana. Julai 1, 2025 ilifuata nyingine, yenye kazi ya kupima joto na unyevu wa hewa kwa tabaka zake. Ni neema kubwa kwa wasafiri wa baharini. Hata hivyo, tusisahau nani mwenye nyota hiyo, na nani anayeamua ielekezwe wapi.

Hapa ndipo tunapotaka viongozi na wananchi watusikilize kwa makini. Pwani yetu haikuanza jana kushiriki katika mambo ya anga. Ilishiriki mapema kuliko nchi nyingi. Tunguu, hapa Unguja, palijengwa kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, uliokuwa mradi wa kwanza wa Marekani wa kumpeleka mtu angani. Februari 20, 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kile kiliondolewa mwaka huo huo. Hatusemi kwamba kukiondoa kulikuwa kosa. Nchi changa ina haki ya kujua kilichomo ndani ya ardhi yake. Tunasikitikia kitu kingine: kiliondoka na elimu yake yote, kisituachie chuo wala maabara.

Jirani zetu wa Kenya walipata makubwa zaidi. Italia ilisimamisha majukwaa baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi, kwa sababu iliyo wazi: karibu na Ikweta mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi kwa mwendo upatao kilomita 1,670 kwa saa, na mafuta yakapungua. Kutoka hapo, kati ya mwaka 1967 na 1988, zilirushwa setilaiti 9. Mojawapo ilikuwa ya Marekani, iliyoondoka Desemba 12, 1970, siku ya uhuru wa Kenya, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuitafuta mionzi ya eksirei inayotoka katika nyota. Iliorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo, ikasaidia kuonyesha kwamba mashimo meusi, ambayo hata mwanga hauwezi kuyatoka, si hadithi ya vitabuni. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Jina lilikuwa la Kiswahili, bahari ilikuwa ya Waswahili, lakini daftari liliandikwa kwingine. Setilaiti ya kwanza ya Kenya yenyewe, ndogo mno, ilianza safari yake angani mwaka 2018, yaani miaka 51 baada ya setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka katika maji yake. Na ile ya pili, Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya, Aprili 15, 2023 ilirushwa kutoka California. Mwenye Ikweta alikwenda kuomba njia kwa asiye na Ikweta. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 1976 nchi nane za Ikweta, zikiwamo Kenya, Uganda, Kongo na Zaire, zilikutana Bogota na kudai kwamba ile njia ya setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya Ikweta ni sehemu ya rasilimali zao. Dai lile halikukubaliwa, kwani Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kuimiliki anga. Lakini kelele za wanyonge hazikupotea bure: mwaka 1988 Shirika la Mawasiliano la Kimataifa lilikubali kila nchi itengewe nafasi yake katika njia hiyo. Funzo lake ni kwamba anayekaa kimya hatengewi kitu.

Ukimya una hasara nyingine. Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Kwa rehema za Mungu hakuumia mtu. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likakichukua kile kipande, likaeleza kwamba ni sehemu ya roketi. Tujiulize: kingeanguka Micheweni, nani angekwenda kukitambua na kudai haki chini ya mkataba wa fidia wa mwaka 1972?

Kwa hiyo tunatoa rai tatu kwa Serikali zetu zote mbili. Kwanza, tahadhari ya hali ya hewa isiishie ofisini wala katika simu za watu wa mjini. Ifike kwa sheha na kwenye diko, kwa Kiswahili ambacho mvuvi anakifahamu, kabla ya ngalawa kushushwa majini. Tahadhari isiyomfikia anayekwenda baharini ni sawa na ile ya 1872.

Pili, vijana wafundishwe kuzisoma picha za setilaiti, na wakihitimu wapewe kazi hiyo hiyo, wasikalishwe mezani kupiga mihuri. Uwezo wanao: mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kuvipiga picha visiwa vyetu kwa ndege zisizo na rubani ili kupata ramani mpya. Aidha, picha nyingi za setilaiti hutolewa bure, na hata zile za James Webb huwekwa wazi kwa watu wote, kwa kawaida baada ya muda usiozidi mwaka mmoja. Kinachokosekana ni mwalimu na maabara.

Tatu, mkataba wowote utakaohusu anga, uwe wa kituo cha ardhini, wa mawasiliano au wa kurusha roketi, uandikwe ndani yake idadi ya vijana watakaosomeshwa na haki yetu ya kuzipata taarifa zitakazokusanywa, na mkataba huo wananchi waujue. Umoja wa Afrika ulizindua Shirika la Anga za Juu la Afrika mjini Cairo Aprili 20, 2025. Na sisi tupeleke huko watu wenye ujuzi, si wasikilizaji.

Hatudai kwamba visiwa hivi vijenge roketi. Tunadai kwamba pepo zitakapovuma tena katika bahari hii, awepo kijana wa Unguja au wa Pemba aliyekesha akiitazama picha, akaifahamu, na akampigia simu sheha kabla alfajiri haijaingia.