Haki ya Mgonjwa Hutangulia Haki ya Maiti



Mwezi huu napenda tuitazame haki moja ambayo sote twaijua, lakini wachache wetu huitimiza. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu anazo haki juu ya Mwislamu mwenzake, na miongoni mwa hizo ni kumzuru auguapo na kulifuata jeneza lake afapo. Haki hizi mbili zimetajwa pamoja katika mafundisho yake, nasi tumezitenga. Ya maiti twaishindania. Ya mgonjwa twaikimbia.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu ya mauti ya rafiki yangu mmoja, mkulima wa mpunga hapa Mngeta, aliyefariki kwa maradhi ya kifua kikuu. Jina lake silitaji, kwani ameacha watoto, na heshima yao ni amana. Siku ya maziko watu walifurika. Walitoka Mchombe, walitoka Mlimba, wakapokezana jeneza mabegani, na kila mmoja akataka kutia mchanga kaburini kwa mkono wake. Hayo ni mema, na Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini katika miezi aliyolala kitandani, mkeka wa wageni nyumbani kwake ulikaa mtupu siku nyingi. Wako waliotoa pole kutoka uani, wakaondoka. Wako waliotuma watoto kuulizia hali. Na wako walionong'ona kwamba amerogwa, wakaongeza hofu juu ya maradhi.

Marehemu alikuwa amekwisha kuanza dawa. Baada ya miezi miwili kikohozi kilitulia na mwili ukarudi. Ukafika msimu wa kulima, naye, kama ilivyo desturi ya wakulima wengi wa bonde hili la Kilombero, akahamia kwenye kibanda cha shambani, mbali na zahanati. Huko akajiona mzima, akaacha dawa, wala hapakuwa na mtu karibu wa kumwambia, "Ndugu yangu, bado hujamaliza." Maradhi yakarudi kwa nguvu mpya. Sisi wachache tuliokuwa tukimzuru tulimsihi akarudia matibabu, lakini mwili ulikuwa umekwisha kudhoofika. Ajali yake ikafika. Hatusemi kwamba ajali ingaliweza kusogezwa na mwanadamu. Twasema kwamba sisi tumeamrishwa kutenda, na matokeo ni ya Mwenyezi Mungu.

Tazameni walivyokuwa waliotutangulia. Sahaba Uthman bin Madh'un (R.A.) alihama Makka akaenda Madina, mgeni asiye na nyumba. Ansari walipowapigia kura Muhajirina, ili kila nyumba ipate mgeni wake, yeye akaangukia nyumba ya Bibi Ummul-Alaa (R.A.). Alipougua, watu wa nyumba ile hawakumhamishia kwingine wala hawakumtenga. Walimwuguza wao wenyewe mpaka alipofariki. Mtume (S.A.W.) akaja, akambusu hali ya kuwa amekwisha kufa, na machozi yakamtoka. Kisha akaweka jiwe kichwani pa kaburi lake, ili alitambue kaburi la ndugu yake. Basi kumlilia rafiki si upungufu wa imani. Lakini katika habari hii uuguzi ulitangulia machozi.

Sisi wa Mngeta yatupasa kuizingatia sana habari hii. Mji wetu ni mji wa wageni. Tangu reli ya TAZARA ilipofunguliwa mwaka 1976, wamekuja watu wa kila upande kutafuta mashamba na biashara, wakaishi pamoja na Wandamba na wenyeji wengine. Wengi hawana mama wala dada karibu. Mtu wa namna hiyo akiugua, jirani ndiye jamaa yake.

Huenda mtu akasema, "Kifua kikuu huambukiza; je, nijitupe katika hatari?" La. Dini yetu imetuamuru kujihadhari, na imetufundisha pia kutafuta dawa. Maradhi haya huenezwa kwa hewa, mgonjwa akohoapo. Hayaambukizi kwa kupeana mikono wala kwa sahani. Basi yafunguliwe madirisha, mgonjwa azibe kinywa kwa kitambaa akohoapo, na mgeni asikae sana. Na mgonjwa akitumia dawa sawasawa, nayo ikawa yamfaa, kwa kawaida baada ya wiki chache haambukizi tena. Lakini kupona ni mpaka amalize muda wote, ambao kwa wengi ni miezi 6.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, akishiriki daktari Karel Styblo. Njia iliyotumika hapa ikawa mfano, na katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa mataifa mengine. Nguvu yake haikuwa katika vidonge peke yake. Palikuwa na mtu wa kumwona mgonjwa akivimeza. Leo dawa hizo hutolewa bila malipo, na mgonjwa aweza kumchagua mtu wa nyumbani au jirani awe msimamizi wake. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Ni dhiki gani kubwa kuliko hii, na ni msaada gani mwepesi kuliko kumfuata mwenzio kila siku na kumwambia, "Umekunywa dawa?"

Enyi vijana, kazi hii ni yenu zaidi, kwani miguu yenu ina nguvu. Mwenzenu akikohoa wiki mbili, mpelekeni akapimwe. Akihamia shambani, ulizeni dawa zake zimehama naye au zimebaki. Mchotee maji, mpalilie jaruba lake, umsomee Kurani. Wala msiwabague wasio Waislamu, kwani Mtume (S.A.W.) alimzuru kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, akakaa karibu na kichwa chake.

Na kwa marehemu wetu haki haijakwisha. Kama ana deni, lilipwe. Watoto wake watazamwe, wasikose chuo wala shule. Na wote wa nyumba ile aliyougulia wakapimwe kifua, ili msiba mmoja usizae wa pili.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amghufirie ndugu yetu, alipanue kaburi lake, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe karibu nao wangali hai. Amin.