Miaka 60 ya JWTZ: Tuikumbuke Alfajiri ya Nzwani

Kutoka Rangwi bahari haionekani. Tunaona ukungu, mashamba ya kabichi na viazi, na migongo ya milima ya Usambara. Hata hivyo, tarehe 1 Septemba 2024, Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipotimiza miaka 60, nasi wa milimani tuliikumbuka siku lilipovuka bahari kuwaokoa majirani.

Majirani hao ni wa kisiwa cha Nzwani, ambacho ramani nyingi hukiita Anjouan, katika visiwa vya Komoro. Mwaka 1997 kilijitangazia uhuru wake na damu ikamwagika. Mapatano ya Fomboni ya mwaka 2001 yakakirudisha kwenye muungano, kila kisiwa kikiwa na rais wake. Lakini mwaka 2007 muda wa rais wa Nzwani, Kanali Mohamed Bacar, ulipokwisha, aligoma kuondoka. Mwezi Juni akajifanyia uchaguzi usiotambuliwa na serikali ya muungano huko Moroni wala Umoja wa Afrika, akajizatiti kisiwani na askari wake. Wajumbe walikwenda na kurudi, vikwazo vikawekwa, naye hakusikia.

Alfajiri ya tarehe 25 Machi 2008, wanajeshi wa Tanzania, Sudan na Komoro walitua Nzwani kutoka baharini. Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika wakati huo alikuwa Rais Jakaya Kikwete. Siku hiyohiyo uwanja wa ndege wa Ouani na mji mkuu, Mutsamudu, vilitwaliwa, na baadaye Bacar akatorokea Mayotte kwa boti. Mwezi Juni Wanzwani wakapiga kura, wakamchagua Moussa Toybou.

Uzito wa ushindi huo anaujua anayekumbuka Januari 1964. Tarehe 20 ya mwezi huo, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Serikali changa ikalazimika kuomba msaada kwa mkoloni wa jana. Siku tano baadaye makomandoo wa Uingereza walipaa kwa helikopta kutoka meli ya HMS Centaur, wakashuka Colito na kuuzima uasi. Ilikuwa fedheha. Mwalimu Nyerere akalivunja jeshi lile, na jipya likaundwa kwa vijana wazalendo, mkuu wake wa kwanza akiwa Mirisho Sarakikya. Colito nayo ikaitwa Lugalo, mahali Mkwawa alipowashinda Wajerumani mwaka 1891.

Kwa hiyo, katika miaka 44, nchi iliyonyamazishiwa askari wake na wageni waliotoka baharini ilituma askari wake baharini kumwondoa kanali aliyegeuza bunduki kuwa kura. Mabadiliko hayo hayakuletwa na silaha. Yaliletwa na utii: askari aliyefundishwa kwamba bunduki ni mali ya wananchi, na kwamba kazi ikiisha, madaraka hubaki kwa waliopigiwa kura.

Tunalipongeza jeshi letu kwa moyo wote. Tunawaomba walimu wa Rangwi na wa Lushoto nzima waifundishe Nzwani kando ya Vita vya Kagera, ili kijana anayeshuka mlimani kwenda kuvaa sare ajue anarithi nini. Heshima ya JWTZ ilijengwa juu ya somo la 1964. Tusiliache somo hilo lisahaulike.