Uganda: Seli zinazoitema dawa na gharama ya kuchelewa tiba

Katika kilima cha Mulago, mjini Kampala, ipo Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 kuwatibu watoto wenye saratani ya Burkitt, ambayo mara nyingi huvimbisha taya. Leo taasisi hiyo imeteuliwa kuwa kituo cha umahiri wa saratani katika Afrika Mashariki, na hupokea pia wagonjwa kutoka nchi jirani. Swali linaloikabili ni lilelile linalowasumbua jamaa wa wagonjwa kila mahali: kwa nini dawa iliyouyeyusha uvimbe mara ya kwanza hushindwa uvimbe huo unaporejea?

Sehemu ya jibu ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1976. Watafiti Rudolph Juliano na Victor Ling walichunguza seli za wanyama zilizozoeshwa sumu maabara, wakakuta protini moja imejaa kwenye utando wake. Waliiita P-glaikoprotini. Baadaye ilidhihirika kuwa protini hiyo ni pampu: dawa ikipenya ndani ya seli, pampu huinasa na kuirudisha nje, kama mabaharia watoavyo maji katika chombo kinachovuja. Dawa imo katika damu ya mgonjwa, lakini ndani ya seli ya saratani haifikii kiwango cha kuua.

Hatari zaidi ni kwamba pampu hiyo haihudumii adui mmoja. Seli iliyozoea dawa moja huweza kustahimili nyingine ambazo mgonjwa hajapewa kamwe. Miongoni mwa dawa zinazotolewa kwa njia hiyo ni doksorubisini, paklitakseli, na vinkristini, ambayo hutokana na mmea wenye asili ya Madagaska na hutumika sana katika saratani za watoto.

Mwaka 1981, Takashi Tsuruo na wenzake nchini Japani walionyesha kuwa verapamili, dawa ya moyo, huweza kuizuia seli sugu isiitoe vinkristini. Matumaini yakawa makubwa, lakini majaribio kwa wagonjwa hayakuleta tiba iliyotarajiwa. Pampu hiyo ni sehemu ya kinga ya mwili wenye afya: hulinda ubongo, na husaidia utumbo, ini na figo kuondoa sumu. Kuizuia huweza kuiacha dawa kali ikae mwilini na kumdhuru mgonjwa mwenyewe. Aidha, seli za saratani zina mbinu nyingine za kujiokoa.

Kwa hiyo silaha ya kutegemewa imebaki ile iliyofanyiwa kazi Kampala tangu awali, chini ya John Ziegler, na kuendelezwa na Charles Olweny, aliyeshika uongozi mwaka 1972 wakati wa utawala wa Idi Amin. Silaha hiyo ni kuchanganya dawa, ili seli inayoikwepa moja iuawe na nyingine. Siklofosfamidi, kwa mfano, haitolewi na pampu hiyo.

Hata hivyo, mchanganyiko huo una masharti mawili yasiyotimizwa maabara. La kwanza ni kuwahi: kadiri uvimbe unavyokua na seli zake kuongezeka, ndivyo uwezekano wa kuwamo seli sugu unavyozidi. La pili ni kutokatiza tiba, kwani seli zilizosalia hupata nafasi ya kuzaliana upya.

Masharti hayo ni ya nauli, bajeti na ghala la dawa. Mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya saratani nchini Uganda iliharibika, na baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi. Mashine mpya ilizinduliwa mwaka 2018. Mionzi si dawa ya kuingia mshipani, lakini tukio hilo lilidhihirisha jinsi tiba ya taifa zima inavyoweza kukatika kwa kutegemea kifaa kimoja.

Majengo na vifaa vipya ni hatua ya lazima kwa kituo cha kanda. Kipimo kigumu zaidi ni kama mtoto anayetoka vijiji vya mbali, ng'ambo ya mpaka au ndani ya Uganda, atafika uvimbe ungali mdogo, na kama dozi yake ya mwisho itakuwapo siku aliyopangiwa. Pale yanapokosekana hayo, pampu ndogo isiyoonekana kwa macho huwa imepewa muda iliouhitaji.