Fidia Si Faida

Ewe ndugu msomaji uliye Lamu, Tanga au Unguja, usidhani kuwa kubomolewa nyumba na maji ni msiba wa watu wa bahari peke yao. Huko Ngumbo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mahali palipokuwa katika Wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012, watu hujenga karibu na maji kwa kuwa riziki yao imo majini.

Tuseme mvua kubwa imenyesha, na tuta lililojengwa vibaya na mkandarasi limeyageuza maji yakamwingilia mtu nyumbani. Nyumba imeanguka, mtumbwi na nyavu vimekwenda, usipa aliouanika umeoza, na yeye mwenyewe kavunjika mguu. Anashitaki, na baada ya miaka ya nenda-rudi mkandarasi anakubali kulipa shilingi 30,000,000 wayamalize nje ya mahakama. Majirani wasema, "Fulani katajirika!" Na mtoza kodi naye yuaja na daftari lake.

Jee, katajirika kwa lipi? Kwa mguu?

Wako wasemao kwamba kila shilingi iingiayo mkononi ni pato. La hasha! Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 yenyewe yawakanusha. Sheria hiyo hutoza pato la ajira, la biashara na la uwekezaji; na malipo ya fidia huchukua tabia ya kile kilichofidiwa. Basi ikiwa fungu moja limelipwa badala ya faida ya usipa, hilo ni faida ya biashara, na wale wasemao kuwa fidia haina kodi hata chembe nao wanajidanganya, maana usipa ule ungaliuzwa ungalihesabiwa. Lakini mguu haukuwa duka. Na nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuikaa miaka 3 au zaidi haitozwi, maadamu faida yake haizidi shilingi 15,000,000.

Hapa ndipo penye mtego, msomaji wangu. Faida ya nyumba ni malipo yaliyopokewa kutoa gharama ya kujenga. Mtu wa kijijini kafyatua matofali kwa mikono yake, boriti kanunua kwa jirani, na hana risiti hata moja. Akilipwa 18,000,000 kwa nyumba iliyomgharimu 6,000,000, faida ni 12,000,000, naye amesalimika. Asipoweza kuionyesha gharama, yaweza zote 18,000,000 kuonekana ni faida, na msamaha ukampita. Yaani tajiri mwenye jalada la risiti husalimika, na mnyonge hulipa!

Na waraka wa suluhu je? Aghalabu huandikwa mstari mmoja tu: "kwa ajili ya madai yote." Wakili apenda wepesi, mkandarasi ataka kumaliza, na mjane apiga dole gumba. Baadaye nani atabagua fungu la nyumba na la usipa na la mguu? Wakili aliyechukua ada yake akamwachia mteja kizungumkuti hiki hakumtumikia.

Sheria pia humpa nafasi aliyepotewa na mali bila hiari yake: akipata nyingine ya aina ile ile ndani ya mwaka 1, na akaomba kwa maandishi, kodi huahirishwa. Mwaka mmoja! Mwenye kuiweka hesabu hii hakupata kujenga kijijini. Matofali hayafyatuliwi masika, na mtu mwenye mguu mbovu hapandi juu ya paa.

Wala si kwetu tu. Novemba 2018 moto uliteketeza mji uitwao Paradise, huko California (ajabu ya jina!), wakafa watu 85. Kampuni ya umeme ya PG&E, ambayo nyaya zake ndizo zilizouwasha, ilikubali mwaka 2019 kuwalipa waathirika wa moto huo na mingineyo dola bilioni 13.5. Wenyewe wakakuta kodi yawangojea, hata juu ya fungu la mawakili ambalo hawakulishika. Mpaka Desemba 2024 ndipo Marekani ilipotia saini sheria ya kuwaondolea.

Wabunge wetu wasingoje moto. Na waufanye mwaka mmoja kuwa mitatu, na ushahidi wa mwenyekiti wa kijiji na fundi aliyejenga ukubaliwe pale pasipo na risiti. Nawe ukiletewa waraka wa suluhu, usitie dole mpaka kila fungu limeandikwa kwa jina lake, kwa Kiswahili, na umesomewa mbele ya mtu wako.