Afya ya Jamaa: Miguu Ikishindwa Ghafula, Tusikimbilie Ulozi



Juma hili tunaongea juu ya neno linalorudi mara nyingi katika mikutano yetu hapa Kalemie: mtoto alilala mzima, asubuhi hawezi kusimama. Majirani wanasema amelogwa, jamaa inaanza kutafuta mlozi, na siku zinapita. Siku hizo ni za maana sana. Tueleze kwa nini.

Amri ya kutembea inatoka kwenye ubongo. Upande wa kulia wa ubongo unaendesha mkono na mguu wa kushoto, na wa kushoto unaendesha wa kulia. Ubongo mdogo, ulio nyuma ya kichwa, unatusaidia kusimama sawasawa, hata tukiwa na ndoo ya maji kichwani. Amri inashuka katika uti wa mgongo, na toka pale mishipa mingine ya fahamu inaipeleka kwenye nyama za mguu.

Lakini kuna kazi ambazo uti wa mgongo unafanya bila kungoja ubongo. Ukigusa sufuria ya moto, mkono unaruka kabla hujajua umeungua. Ndiyo sababu muganga anagonga goti kwa nyundo ndogo: anaangalia kama mguu unaruka. Ubongo wenyewe ni kama breki, unazuia mruko huo usizidi.

Sasa tazameni magonjwa mawili. Polio inaua chembe za uti wa mgongo zinazopeleka amri kwenye nyama. Mguu unalegea kama kitambaa, mara nyingi upande mmoja, na goti likigongwa halijibu. Konzo inaharibu njia inayoshuka toka ubongo. Breki inakatika: miguu yote miwili inakakamaa, goti linaruka kupita kiasi, mgonjwa anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakikwaruzana.

Polio tunaijua. Mwaka 2017 ilirudi katika mikoa kama Haut-Lomami, Maniema na Tanganyika yetu, kwa sababu watoto wengi hawakuwa wamepata chanjo. Inapita kwa mavi na maji machafu. Mtoto yeyote mwenye chini ya miaka 15 akilegea ghafula, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Waganga wanahitaji choo chake mara mbili, kwa kuachanisha saa 24, kabla siku 14 hazijapita tangu alegee. Tukipoteza majuma mawili kwa mambo ya ulozi, ukweli unapotea, na watoto wa jirani wanabaki hatarini.

Konzo haiambukizi. Inatoka kwenye mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri, ambayo ina sumu. Inashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Jina lake ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Imeonekana Kwango, imeonekana Burhinyi katika Kivu ya Kusini, na Tarime kule Tanzania mwaka 1985. Kule Bandundu, barabara ilipofika na wachuuzi wa Kinshasa wakataka mihogo haraka, watu walianza kuloweka siku moja tu badala ya tatu. Wamama, tunajua haraka hiyo. Njaa, ukame na vita vinaileta, na sisi wauzaji wa sokoni pia tunaileta.

Basi tukumbushane:

Mihogo michungu imenywe, ilowekwe siku tatu mpaka nne hata ilainike, ndipo ikaushwe. Kuanika jua tu hakutoshi.

Ukinunua unga usioujua, uchanganye na maji uwe mbichi, utandaze kwenye mkeka kwa unene usiopita kidole, uuache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka na hewa. Kisha upike bukari siku hiyohiyo.

Bukari isiliwe peke yake kila siku. Ndakala, mayai na maharagi vinasaidia mwili kuondoa sumu.

Matone ya chanjo yakipita nyumba kwa nyumba, mtoto asifichwe.

Tuseme na lililo gumu: mguu ulioharibiwa na polio au konzo haurudi kuwa kama zamani. Lakini mazoezi na fimbo nzuri vinasaidia, na mtoto huyo ana haki ya kwenda shuleni kama ndugu zake. Na kama katika jamaa yenu kuna bibi au shangazi aliyeitwa mlozi kwa sababu ya mguu wa mtoto, mwendeeni juma hili. Hakumfunga mtu miguu.

Tuonane Jumamosi kwenye mkutano. Anayeweza alete unga, tutajifunza kuutandaza pamoja.