Kansa Haingoji Amri

Tarehe 5 Mei, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari iliyoletwa na Korona imekwisha. Watu wengi walishukuru, nasi tulishukuru. Lakini hesabu ya msiba ule haijafungwa, kwa maana wamo waliopotea ambao hawakuugua Korona hata siku moja. Leo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari za wanawake wenye kansa ya matiti, ambao uchunguzi na matibabu yao yalikatizwa.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Mwezi Machi, 2020 Serikali ya huko ilisimamisha mabasi na teksi, kisha magari ya watu binafsi, na pikipiki zikakatazwa kubeba abiria. Mgonjwa aliyetaka kusafiri kwa gari alipaswa kwanza kupata kibali cha mwakilishi wa Rais katika wilaya yake. Nayo mashine za kutibu kansa kwa mionzi zilikuwa Kampala tu, huko Mulago. Mama akaaye Gulu, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji huo, angefikaje? Kansa ya matiti haitibiwi kwa siku moja. Dawa za mshipani hutolewa kwa zamu, mara nyingi kila baada ya majuma 2 au 3, na mionzi hupigwa siku kwa siku kwa majuma kadhaa. Zamu ikikosekana, uvimbe hupata nafasi ya kukua.

Hatusemi kwamba amri zile zilitolewa kwa nia mbaya. Maradhi yalikuwa mapya, chanjo haikuwapo, na dawa za kansa zenyewe hupunguza nguvu za mwili za kujikinga. Tunalosema ni kwamba afungaye barabara hana budi kumwachia mgonjwa njia.

Wala mambo haya hayakuzipata nchi maskini peke yake. Uingereza, yenye desturi ya kuwapiga wanawake wa makamo picha za matiti kila baada ya miaka 3, ilisimamisha kazi hiyo kwa miezi kadhaa mwaka 2020. Mwezi Julai mwaka huo wataalamu walikadiria kwamba, kwa sababu ya kuchelewa kutambuliwa, vifo vya kansa ya matiti katika England vingeongezeka kwa asilimia 8 hadi 10 hivi katika miaka 5. Uchunguzi mwingine wa mwaka huo huo ulionyesha kwamba kila majuma 4 ya kuchelewesha upasuaji wa kansa hiyo huongeza hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 8.

Kwetu Tanzania nchi haikufungwa. Hata hivyo tusijisifu. Wengi wa akina mama zetu wenye kansa hii hufika hospitali ikiwa imekwisha kuenea, pasipo kuzuiwa na amri ya mtu. Huzuiwa na nauli, na haya, na hofu ya kukatwa titi. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Na mgonjwa achelewaye wakati wa salama atachelewa zaidi wakati wa hatari.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, katika mipango yote ya kupambana na magonjwa ya kuambukiza, matibabu ya kansa yahesabiwe kuwa kazi isiyosimama, na kadi ya hospitali iwe ndiyo kibali cha mgonjwa njiani. Pili, waajiri wawape wafanyakazi wanawake nafasi ya kwenda kupimwa bila kukatwa mshahara. Nasi twavitaka vyama vya wafanyakazi vilidai jambo hili katika mikataba. Tatu, mabalozi wa mashina na Umoja wa Wanawake wafundishe nyumba kwa nyumba kwamba uvimbe ndani ya titi, hata usiouma, si jambo la kungoja. Wanaume nao wasikie, kwa kuwa mara nyingi nauli imo mifukoni mwao.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba mgonjwa apate jibu la hakika kabla ya siku 60 kupita tangu alipofika mara ya kwanza hospitali. Lengo hilo tulishike tangu sasa, wakati barabara zi wazi. Ugonjwa mwingine wa kuenea hapana shaka utakuja. Usitukute tungali tukiwaambia mama zetu wangoje.